Vidole vya Maganda ya Korosho

Wapo wanaosema kisasi tumwachie Mungu. Hao hawajavunjiwa posa mchana kweupe, majirani wote wa mtaa wa Chuno wakiwa vibarazani wanatazama. Saumu alivunjiwa, na tangu siku ile moyo wake ulibeba nia moja. Asubuhi hii ya Jumamosi nia hiyo ilikuwa imefikia kwenye kikopo kitupu cha rangi ya viatu.

Alichuchumaa uani karibu na moto, ambako mama yake, Bi Mwanaamina, alikuwa akichoma korosho kwenye debe lililotobolewa matundu. Maganda yalitoa mafuta meusi, mazito, yale ambayo mtoto wa Mtwara hufundishwa kuyaogopa kabla hajafundishwa kuogopa nyoka. Mafuta hayo yakikugusa hayana haraka. Hukuacha uende zako, uongee na watu, ucheke. Ndipo ngozi inapoanza kuwaka, ikatoka malengelenge, ikabambuka. Na kama una mchubuko, hayasubiri hata hayo.

Saumu aliyachota kwa unyoya wa kuku, akayakusanya kikoponi.

"Unayapeleka wapi hayo?" mama aliuliza bila kugeuka.

"Mchwa wamepanda miguu ya kitanda changu."

"Nchwa!" Bi Mwanaamina aliguna. "Nchwa gani wa kumfanya ntu avae doti mpya asubuhi asubuhi? Leo si ndiyo siku ya lile ligogo lako?"

"Linaitwa selo, mama."

"Miye naliita ligogo. Nwanamke nzima unakaa mbele za watu, umelibana gogo kwa magoti, unalikereza. Wenzio wana watoto wa kupakata."

"Wenzangu hawakuvunjiwa posa."

Mama alikoroga korosho debeni. Siku ile naye alikuwapo, ameshika ungo, na ungo ukamponyoka.

Siku ile ilikuwa hivi. Chande, kijana wa Mikindani, alimpenda Saumu mpaka akapeleka posa, nayo ikapokelewa. Kisha akapata nafasi ya kwenda Ujerumani kusomea kilimo, akaondoka na ahadi tele. Haukupita muda mrefu mama yake, Bi Somoe, mwanamke wa nyumba kubwa na sauti kubwa zaidi, akaingia uani kwa kina Saumu bila hata kukaa mkekani. Alivitazama vidole vya binti, ambavyo tangu utoto vilibangua korosho pamoja na mama yake, vikawa vyeusi na vigumu nchani kama kwato.

"Nimekuja kulichukua neno letu," alisema. "Vidole vilivyoungua na maganda ya korosho havitamega tonge chungu kimoja na mwanangu."

Akageuka, akaenda zake. Na Chande kule aliko akawa kimya. Hakuna salamu, hakuna samahani. Saumu alilia mpaka machozi yakamchosha, akabaki na hasira, ambayo haikumchosha hata siku moja.

Miaka ikapita. Mwaka ule wa sabini na mbili, wakati kila mtu mzima alikuwa anahimizwa arudi darasani, Chande alirudi. Alipewa kazi kwenye kituo cha utafiti wa korosho, Naliendele. Pamoja na vitabu vyake alileta sanduku refu lenye umbo la mwanamke mnene, na ndani yake selo, zeze kubwa la Kizungu lipigwalo kwa upinde. Kule Ujerumani alikuwa amejifunza kuipiga, ukubwani, jioni baada ya masomo. Sasa akasema atawafundisha watu wazima wenzake bure kwenye ukumbi mmoja pale Chikongola.

Watu walicheka. Waliojiandikisha walikuwa watatu tu: Stefano, karani wa posta, Yustina, muuguzi, na Saumu.

"Jina lako?" Chande aliuliza siku ya kwanza, macho yakiwa chini. Kisha akainua uso, na kalamu ikasimama.

"Unalijua," Saumu alisema.

Walitazamana. Chande alikuwa amenenepa kidogo, amefuga sharafa mashavuni, lakini macho yalikuwa yale yale ya kuomba radhi kabla ya kosa. Saumu alihisi moyo wake ukipiga hatua kumwendea, akaukanya kama mtu anavyokanya mbuzi.

"Saumu, mimi..."

"Nimekuja kujifunza, Mwalimu. Fundisha."

Akamfundisha. Kwa majuma mengi hawakuruhusiwa kubonyeza uzi. Kazi ilikuwa kuvuta upinde tu, kwa zamu, kwenda na kurudi, uzi mtupu, mpaka sauti iache kukwaruza. Muuza chai wa mlango wa pili aliwahi kuja kuuliza kama kuna ng'ombe anayezaa humo ndani. "Usiuminye upinde," Chande alikuwa akisema. "Ushike kama unavyoshika kifaranga. Ukikaza, anakufa. Ukilegeza, anakimbia."

Walipoanza kubonyeza nyuzi, vidole vya Stefano vikatoka malengelenge, Yustina akafunga vyake bendeji. Vya Saumu havikufanya kitu. Chande aliugeuza mkono wake wa kushoto juu, akatazama ncha za vidole.

"Vidole vyako haviumi?"

"Viliumia zamani," Saumu akajibu, akauchukua mkono wake.

Hapo kisasi kikapata mgeni asiyealikwa. Saumu alikuwa amekuja ili awe karibu na kile anachokipenda Chande, ajue pa kuchoma. Lakini uzi mnene wa chini ulipoitika vizuri kwa mara ya kwanza, aliusikia mbavuni, akashikwa na raha aliyoisahau. Usiku alilala vidole vyake vikitembea juu ya shuka. Siku moja ulimbo wa kupaka upinde ulikwisha, naye kwa kutaka kusaidia akaleta utomvu wa mkorosho, akausugua kwenye singa, zile nywele za upinde, mpaka zikagandana zikawa ubao. Chande alicheka hata akaketi sakafuni. Saumu naye akacheka. Alipokwenda nyumbani alijichukia kwa kile kicheko kuliko alivyowahi kumchukia Bi Somoe.

Ndipo zikaja habari kwamba Bi Somoe amemtafutia mwanawe mchumba, Zainabu, binti wa Mzee Ismaili mwenye duka la vitambaa. Zikaja na nyingine: Jumamosi wanafunzi wa madarasa yote ya watu wazima wataonyesha walichojifunza, selo atapiga Mwalimu Chande tu, mwisho, na Bi Somoe amewaalika wakwe watarajiwa waje wamwone kijana wao.

"Nawe utapiga, Saumu," Chande alimwomba. "Ule wimbo wa taratibu. Unaupiga vizuri."

"Sikujifunza ili nishangiliwe."

"Ulijifunza kwa nini?"

Jibu la Saumu lilikuwa linachemka kwenye debe la mama.

*

Adhuhuri ya Jumamosi ile, watu walipokwenda kuswali na kula, Saumu aliingia chumba cha nyuma ya ukumbi, akafungua sanduku. Alichovya unyoya, akapaka nyuma ya shingo ya selo pale dole gumba linapotulia, na juu ya ule ubao mweusi vidole vinapobonyeza. Mafuta meusi kwenye mti mweusi, nani angeyaona? Kisha akapaka mpini wa upinde. Mikono yote miwili. Hakutaka ubakie hata wa kujikuna.

Watu walirudi, ukumbi ukajaa. Wanawake wa Chuno walisoma gazeti kwa zamu, wakapigiwa makofi. Bi Somoe alikaa mstari wa mbele, amejitanda leso mbili, manukato yake yakifika mpaka mlangoni. Kulia kwake alikaa Zainabu, msichana mpole asiye na kosa lolote ila kuwa mzuri. Saumu alimtazama kupitia upenyo wa pazia, akatafuta cha kumchukia, akakosa. Hilo nalo likamuudhi.

Chande aliingia chumbani kutengeneza nyuzi.

"Usitoke," alimwambia. "Sikio lako siku hizi limepita langu."

"Sikuwa na nia ya kutoka, Mwalimu."

Alifungua sanduku. Mkono wake wa kushoto ulikwenda shingoni mwa selo, kama ulivyokwenda siku zote, kwa huruma ile ambayo Saumu alikuwa akiionea wivu bila kukubali. Ukasimama hewani. Chande akavuta pumzi puani, mara moja, mara ya pili.

Saumu alikuwa amefikiria kila kitu isipokuwa hili: mtu anayeshinda Naliendele akipasua korosho, harufu ile anaijua hata usingizini.

"Haya ni mafuta ya ganda," Chande alisema polepole.

"Ndiyo."

"Shingoni."

"Na upindeni."

Alimgeukia. Saumu alingoja ukali, akatamani ukali, amejiandaa nao miaka yote. Badala yake Chande aliketi kwenye kiti, akawa kama mtu aliyeletewa kitu alichokuwa akikisubiri.

"Kwa nini leo? Selo hii umekuwa nayo mikononi miezi yote."

"Leo mama yako yupo. Nilitaka aone vidole vya mwanawe vikiungua, aje aniambie sasa mwanawe atamega tonge na nani."

"Alisema hivyo? Mama alikwambia hivyo?"

"Mbele ya mtaa mzima. Hukujua?"

"Niliambiwa umeolewa Newala. Mama alimtuma mtu aliyekuja kule masomoni: Saumu ameolewa, ana mtoto, msahau."

Saumu alimsogelea. "Na wewe ukaamini."

"Nikaamini."

"Hukuuliza?"

Chande aliitazama mikono yake. "Ningeweza kuuliza. Sikuuliza kwa sababu ilinipendeza kuamini. Nilikuwa kijana, nina koti jipya, nina mambo mapya. Ukiwa umeolewa wewe, basi mkosaji si mimi. Nimerudi hapa nakukuta darasani huna mume, nikajua. Nikaona haya kusema. Nikasema nitakufundisha vizuri, labda utaelewa."

"Nielewe nini kwenye nyuzi? Selo ina mdomo?" Sauti ilimpanda. "Afadhali ungenidanganya, Chande! Ningekuchukia kwa raha!"

Ilikuwa mara ya kwanza tangu arudi kumwita kwa jina. Wote wawili walilisikia.

"Na Zainabu?" Saumu aliuliza.

"Zainabu ni neno la mama. Mimi sijatamka."

"Hujatamka! Hiyo ndiyo kazi unayoijua, kutotamka. Utaozwa, utazaa, utazikwa, bado hujatamka."

Nje, Stefano alisikika akitangaza kwamba sasa ni zamu ya Mwalimu. Makofi yakapigwa. Chande akasimama, akanyoosha mkono kuushika upinde.

"Unafanya nini?" Saumu akashtuka.

"Nakwenda kupiga."

"Utaungua!"

"Si ndivyo ulivyotaka? Nimestahili. Acha niungue."

Alikuwa hafanyi mzaha. Saumu aliliona kwenye macho yale, na kwa kitambo kidogo kisasi chake kikawa tayari kimeiva, kimepakuliwa, kinangoja kuliwa tu. Lakini hapo hapo akaona na yatakayofuata. Akamwona Bi Somoe akilia, "Mwanangu! Mwanangu wamemroga!" Akamwona Zainabu akimpepea kwa ncha ya mtandio, akimpaka mafuta ya nyonyo kidole baada ya kidole. Mtaa mzima utamwonea huruma Chande, na yeye Saumu atarudi Chuno na kikopo chake. Kisasi gani hicho cha kumtafutia adui yako wauguzi?

"Lete hapa, nitapiga mimi," alisema.

"Saumu..."

"Lete! Wewe ukiungua utadekezwa. Mimi nikiungua nimezoea."

"Basi tupanguse kwanza." Chande alitoa kitambaa chake mfukoni, akasugua, kikawa cheusi. Lakini mafuta yale hayaogopi kitambaa. Yanataka majivu na subira, na Stefano alikuwa ameshaita mara ya pili.

Saumu aliitwaa selo, akatoka nayo.

*

Ukumbi ulinong'ona. Walimtegemea Mwalimu, wakamwona mwanamke wa Chuno mwenye doti mpya akiketi, akipanga nguo yake vizuri magotini, akiliegemeza lile ligogo kifuani. Bi Somoe alikunja uso, akainama kwa Zainabu kusema kitu. Kisha akamtambua Saumu, na hakumaliza kusema.

Saumu alimtazama macho kwa macho, akavuta upinde.

Uliteleza. Sauti ya kwanza ilikwaruza, mtu nyuma akacheka. Alitaka kukaza, akakumbuka kifaranga, akalegeza. Ya pili ikatoka nzima. Ulikuwa wimbo wa taratibu wa kale, wa Ulaya huko, usio na maneno. Lakini Saumu alikuwa na maneno yake, akayatia humo yote: ungo ulioanguka, majirani vibarazani, mlango ambao hakuna aliyeubisha tena, miaka ya kuwavalisha wenzake siku za harusi zao. Pale ambapo wimbo hushuka kwenye uzi mnene alikaa muda mrefu kidogo kuliko Chande alivyomfundisha, kwa makusudi, akimtazama Bi Somoe. Mama yule ndiye aliyetangulia kushusha macho.

Kabla hajafika mwisho, vidole vilianza kuwaka. Upande wa dole gumba, ambako ngozi yake haikuwa ngumu na palikuwa na mchubuko wa kubangua, moto uliingia taratibu kisha ukakaa. Hakukosea hata sauti moja kwa ajili yake. Aliumaliza wimbo, akainua upinde, na makofi yakalipuka. Yustina alikuwa analia waziwazi.

Kwetu aliyefanya vizuri hupewa mkono, na wakubwa hutangulia. Stefano, ambaye hakujua lolote na alikuwa na furaha ya watu wawili, akapaza sauti: "Tunamwomba mama mzazi wa Mwalimu wetu atangulie kumpa mkono!"

Bi Somoe hakuwa na pa kukimbilia. Wakwe walikuwa wanamtazama. Alisimama, akatengeneza leso zake, akapanda jukwaani na tabasamu alilolifunga usoni kama kilemba. Akanyoosha mkono wenye bangili.

"Mashaallah, mwanangu," alisema kwa sauti ya kusikiwa na wote. "Vidole hivi umevipata wapi?"

Saumu aliutazama ule mkono mlaini, uliopakwa hina, usiowahi kubangua hata korosho moja. Alihitaji kuushika tu, aukaze kwa adabu, kama inavyompasa mdogo kwa mkubwa. Mpaka jioni ungekuwa umevimba kama andazi. Mungu mwenyewe alikuwa amemletea.

Lakini Mungu alikuwa amemletea na swali, na swali lilikuwa tamu zaidi.

Akailaza selo sakafuni, akasimama, akaiweka mikono yake nyuma.

"Unavijua, Bi Somoe. Ni vile vile ulivyovikataa uani kwetu. Vimeungua na maganda ya korosho. Usivishike, vitakudhuru."

Mkono wa Bi Somoe ulibaki hewani peke yake. Mzee Ismaili aliangalia kofia yake, Zainabu akamwangalia Bi Somoe kwa macho ya mtu anayeanza kuelewa anakopelekwa. Kutoka mlangoni kikapigwa kigelegele kimoja, kikakatizwa upesi. Alikuwa Bi Mwanaamina, aliyeapa asubuhi kwamba hataweka mguu hapo.

"Chande!" Bi Somoe aliita. "Unasikia mama yako anavyofanyiwa?"

Chande alikuwa ameshatoka nyuma ya pazia. Alipita mbele ya mama yake, akaenda nyuma ya Saumu, akautwaa mkono wake wa kulia, mafuta na yote, mbele ya ukumbi mzima, jambo ambalo kijana wa kwao halifanyi kwa mwanamke asiye wake.

"Nimesikia, mama," alisema. "Posa ile ilikuwa yangu, na sikuivunja mimi. Naipeleka tena Chuno, na mara hii nakwenda kwa miguu yangu mwenyewe. Mzee Ismaili, unisamehe. Zainabu, nisamehe."

Bi Somoe aliketi pale pale jukwaani, kwenye kiti cha selo.

"Sijakubali," Saumu alimnong'oneza Chande.

"Najua."

"Na mkono huo utakuunguza."

"Najua."

Alikuwa anaubana mkono wake kwa nguvu, vidole vyake vya mtu wa vitabu vikiwa vimelala juu ya yale mafuta. Saumu angeweza kuuvuta. Palikuwa na majivu jikoni kwa muuza chai, mlango wa pili tu, na angeweza kumwonyesha.

Hakuuvuta, wala hakumwonyesha. Mwache aungue kwanza, aliuambia moyo wake. Habari ya kumpenda tutaiona akipona.